Baraza ya Mwalimu: Maji ya Ubatizo

Mhariri wetu amenipa kurasa zangu za kila mwaka, na safari hii sikuwa na haja ya kutafuta la kusema, maana swali lilinijia lenyewe, tena kutoka nyumba zaidi ya moja. Ubatizo ni nini? Wanaouliza si watu wa kutafuta mabishano. Ni mabibi na mababu waliopokea kadi nzuri yenye picha ya njiwa, wakialikwa kanisani kwenye ubatizo wa mjukuu. Ni kijana anayeposa kwa watu Wakristo. Na ni binti yetu mmoja, muuguzi wa watoto wachanga, ambaye swali lake nitalifikia huko mbele, kwani ndilo zito kuliko yote.

Mimi, kama mjuavyo, ni mtu wa chuoni. Niliingia kwenye alifu na kutoka kwenye Safina kabla sijajua kuandika barua ya Kizungu, na dini yangu ni ile ile. Lakini nimesomesha miaka mingi pamoja na walimu Wakristo, tumekaa chumba kimoja cha walimu na kunywa chai ya birika moja, na mengi ya hapa nimeyapata kwao kisha nikayafuatilia vitabuni. Jamaa zetu Wakristo, ambao sasa si wachache katika kitabu hiki, watasoma na kupima kama nimewaeleza sawasawa. Nataka jambo lifahamike kama wenyewe wanavyolifahamu.

Wengi wetu tukisikia maji yametajwa pamoja na dini, fikira zetu hukimbilia twahara. Tunadhani ubatizo ni namna ya udhu wao, au josho. Wengine, kwa kuwa mtoto hutajwa jina lake pale, hudhani ni akika yao, nao husema, "Aa, si kumpa mtoto jina tu, kuna neno gani?" Yote mawili siyo. Na hilo la pili limeleta ugomvi majumbani, kwa sababu mzee aliyeridhia jambo akidhani ni dogo, akija kujua kuwa ni kubwa huona amechezewa.

Tuanze na udhu, kwa kuwa tunaujua. Udhu una yenye kuutengua, na ukitenguka unatawadha tena, leo mara tano, kesho mara tano, maisha mazima. Ubatizo hauna kinachoutengua. Mtu hubatizwa mara moja. Akifanya dhambi kubwa hatubatizwi tena. Akiacha kanisa miaka thelathini kisha akarudi, hatubatizwi tena. Ukilishika hili moja, mengine yote yatafunguka, maana kila mzozo walioupata Wakristo wao kwa wao juu ya maji haya umetokana nalo.

Neno lenyewe ni la Kiyunani, na asili yake ni kuchovya, hata kuchovya nguo katika rangi. Waliosoma tafsiri watakumbuka neno sibgha katika Suratul Baqara, aya ya 138, na jinsi wafasiri walivyotaja hapo desturi ya Wakristo ya kuwachovya watoto wao katika maji yaitwayo maamudia. Waarabu Wakristo mpaka leo huuita ubatizo jina hilo. Na ng'ambo ya mashariki ya mto Yordani, si mbali na Bahari ya Chumvi, pana mahali paitwapo Al-Maghtas, yaani pa kuzamia, ambapo Wakristo tangu kale wamepazuru wakisema ndipo Nabii Yahya, wao humwita Yohana Mbatizaji, alipombatiza Yesu. UNESCO ilipaandika katika urithi wa dunia mwaka 2015. Jamaa wa Ghuba wanaopitia Amman wanaweza kupaona.

Mayahudi walikuwa na majosho yao, na wanayo hata sasa, ya kuingia na kurudia kila inapohitajika. Yohana alikuja na jambo tofauti: aliwaita watu mtoni watubu, na yeye ndiye aliyewatia majini. Injili zinasema Yesu alipofika, Yohana alisita, maana vipi asiye na dhambi ataoshwa dhambi? Wakristo wamelijibu swali hilo kwa namna nyingi, lakini jibu lililoenea ni kwamba hakuingia kwa haja yake mwenyewe, bali kwa ajili ya wengine, na kwamba kuingia kwake majini kulikuwa bishara ya kuingia kwake kaburini.

Hapo ndipo penye kiini. Paulo, katika sura ya sita ya waraka wake kwa Warumi, aliwafundisha waumini kwamba aliyebatizwa amezikwa pamoja na Kristo na kufufuka pamoja naye. Maji, basi, si ya kuosha tu. Ni kaburi. Mtu anashuka mmoja na kupanda mwingine. Katika mafundisho ya karne ya nne yanayohusishwa na Kirilo wa Yerusalemu, waliobatizwa wanaambiwa kwamba maji yale yalikuwa kwao kaburi na papo hapo mama mzazi. Walikuwa wakielekea magharibi kumkana Shetani, wakigeuka mashariki kukiri imani, wakivua nguo zao, wakizamishwa mara tatu, kisha wakivikwa nyeupe. Mimi niliposoma habari ya nguo zile nilikumbuka ihramu, na nilikumbuka sanda pia.

Hata majengo yao yalisema hivyo hivyo. Katika mji wa Dura-Europos, kando ya mto Furati huko Syria, wachimbuzi wa mambo ya kale waliufukua mwanzoni mwa miaka ya 1930 ukumbi wa nyumba uliofanywa mahali pa ibada katika karne ya tatu, nao ndio mahali pa ubatizo pakongwe kuliko pote palipopatikana hivi. Birika lake limejengwa chini ya tao, mfano wa kaburi la watu wa zama zile. Ukutani pamechorwa wanawake wakitembea na mishumaa. Wataalamu wengi walisema ni wale waliokwenda kaburini kwa Yesu, wengine wanasema ni wanawali waendao harusini. Picha hizo sasa ziko Chuo Kikuu cha Yale, New Haven, Marekani. Na Milano, chini ya uwanja wa kanisa kuu, misingi ya birika la pembe nane ingalipo, alipobatizwa Augustino usiku wa Pasaka mwaka 387, umri wake miaka 32. Pembe ni nane kwa sababu Wakristo huihesabu Jumapili ya ufufuko kuwa siku ya nane, siku baada ya siku saba za dunia. Usiku wa Pasaka nao ulichaguliwa kwa maana ile ile.

Mtauliza kwa nini Augustino alingoja mpaka umri ule hali mama yake alikuwa Mkristo. Ni kwa sababu ya lile lile la mara moja. Watu waliogopa: nikibatizwa leo nikasamehewa yote, nikikosa kesho itakuwaje? Kwa hiyo wengi waliakhirisha. Mfalme Konstantino aliyewapa Wakristo uhuru alibatizwa mwaka 337 yu taabani, akafa siku chache baadaye. Lakini wengine waliliona jambo kinyume chake. Walisema kama hii ni neema anayoitoa Mungu, mtoto mchanga amekosa nini hata anyimwe? Ndiyo njia iliyoshinda kwa Wakatoliki, kwa Waorthodoksi, na baadaye kwa Waanglikana na Walutheri. Mtoto hubatizwa, wazazi na wasimamizi wanajibu kwa niaba yake, na akikua katika makanisa ya magharibi huja kuthibitishwa kwa kipaimara.

Juu ya kiasi cha maji sitasema mengi, ingawa ndilo watu hulishikilia. Waorthodoksi humzamisha mtoto mchanga mara tatu. Wakatoliki na Waanglikana humimina kichwani. Wabaptisti na Wapentekoste humzamisha mtu mzima mwili mzima, na jamaa wa Mombasa na Dar es Salaam wamewaona baharini asubuhi za Jumapili wakiwa na kanzu zao nyeupe. Sisi tuliokariri mlango wa maji katika fiqhi, maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe, tutacheka kwa furaha tukisoma kijitabu chao cha kale kiitwacho Didakhe, kilichogunduliwa Constantinople mwaka 1873. Kinasema yatumike maji yanayotembea. Yakikosekana, maji mengine. Yasipokuwa ya baridi, ya moto. Na yakiwa haba yamiminwe kichwani mara tatu. Tena kinaagiza mbatizaji na mbatizwa wafunge kwanza. Fakihi ni fakihi popote alipo. Ila hawana tayamumu: mchanga haushiki nafasi ya maji.

Jambo zito ni lile la nani, na lini. Mwezi wa Januari 1525, huko Zürich, Uswisi, kikundi cha watu kiliona katika kusoma kwao kwamba mtoto asiyejua kitu hawezi kuzikwa na Kristo kwa hiari yake, wakabatizana upya ukubwani. Wao walisema si mara ya pili, kwa kuwa ile ya utotoni haikuwa ubatizo. Wakuu wa mji walisema ni mara ya pili, na ni uasi. Mwaka 1527, Januari vile vile, walimfunga mmoja wao, Felix Manz, wakamtosa mto Limmat akafa maji. Waliomhukumu walikuwa Wakristo, nao walichagua maji makusudi. Mwaka 2004 kanisa la Zürich liliweka kibao cha kumbukumbu kando ya mto ule na kukiri kosa. Ukimwona mkwe wako Mbaptisti anakataa katakata mjukuu asimwagiwe maji, usidhani ni ukaidi. Kuna watu walikufa kwa neno hilo.

Kabla ya hapo, katika Afrika ya Kaskazini, lilizuka swali la pili. Baada ya mateso ya mfalme Diokletiano yaliyoanza mwaka 303, wako makasisi waliosalimisha vitabu vitakatifu ili waokoke. Watu walioitwa Wadonati walisema: aliyesaliti hana kitu cha kumpa mwingine, na aliyebatizwa na mkono wake abatizwe tena. Ugomvi ulikwenda zaidi ya miaka mia. Augustino, aliyekuwa askofu huko wakati ule, aliwajibu kwamba mbatizaji wa kweli ni Kristo; mkono wa mtu ni mfereji tu, na maji hayaharibiki kwa sababu ya mfereji. Ndiyo kauli iliyoshika.

Kauli hiyo ina matunda ya ajabu. Mwaka 866 Wabulgaria walimwuliza Papa Nikolai wa Kwanza juu ya watu waliobatizwa na mtu ambaye hata haikujulikana kama ni Mkristo. Akajibu kwamba kama ni kwa jina la Utatu, wasibatizwe tena. Mtaguso wa Firenze mwaka 1439 ulisema waziwazi kwamba penye dharura hata asiyekuwa Mkristo anaweza kubatiza, maadamu anakusudia kufanya lifanywalo na kanisa. Sheria yao ya mwaka 1983 inasema vivyo hivyo. Lakini maneno hayana mchezo. Mwaka 2022 huko Phoenix, Arizona, ilitangazwa kwamba padri mmoja kwa miaka mingi alikuwa akisema "tunakubatiza" badala ya "ninakubatiza", na maelfu ya watu wakaambiwa ubatizo wao haukuwa sahihi. Wengi walishangaa: herufi chache tu! Ila hoja ilikuwa ile ile ya Augustino. Anayebatiza ni mmoja, si kusanyiko.

Na mfano wa jirani zetu Uganda. Karoli Lwanga mwenyewe alibatizwa Novemba 1885. Mwaka uliofuata mwezi wa Mei, huko Munyonyo, vijana wa nyumba ya mfalme Mwanga walipojua kwamba wanakwenda kuuawa, wako miongoni mwao waliokuwa bado wanafunzi wa dini. Padri hakuwepo. Lwanga, kijana asiye na cheo chochote cha kanisa, aliwabatiza, Kizito mdogo akiwa mmojawapo. Tarehe 3 Juni 1886 walichomwa moto Namugongo. Hakuna aliyesema ubatizo ule una upungufu.

Sasa swali la binti yetu. Hospitali siitaji. Usiku mmoja mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake alizidiwa ndani ya mashine, na wazazi wake, Wakatoliki, waliomba abatizwe hima. Kasisi wa hospitali aliitwa, akawa mbali. Mfagizi wa zamu, mama wa Kighana, Mkatoliki, alisema yeye atafanya. Binti yetu alileta maji safi, akayapasha vuguvugu ili yasimshtue mtoto, akayatia ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, akakifungua kidirisha cha mashine. Yule mama akadondosha matone kwenye paji la uso na kusema maneno. Mtoto hakufika asubuhi. Wiki nzima binti hakulala vizuri, ndipo akanipigia simu. "Mwalimu," alisema, "na mimi nilibatiza?"

Nilimjibu kwa fiqhi ya wenyewe, kwa kuwa ndiyo aliyoniuliza. Kwao mbatizaji ni yule yule mmoja anayemimina maji na kusema maneno; haifai mmoja kumimina na mwingine kusema. Aliyebatiza ni yule mama. Wewe ulileta maji. Akaniuliza, je, asingekuwapo yule mama? Nikamwambia mimi si mufti. Upande wa dini yetu amwulize sheikh anayemwamini, na asingoje usiku mwingine kama ule. Upande wa kazi, amweleze msimamizi wake mapema ili pawe na mpango. Na upande wa wazazi, awe mpole, maana wanaogopa jambo ambalo huenda hawalitaji. Zamani watu walifundishwa kwamba mchanga afaye bila ubatizo hukaa mahali pa kando, haadhibiwi wala hafiki peponi. Tume ya wanazuoni wa Roma ilitoa waraka mwaka 2007 ikisema kuna sababu za kutumaini kwamba Mungu huwaokoa watoto hao. Lakini hofu ya bibi haiondoki kwa waraka.

Nije kwenye posa. Kijana anayemwoa Mkatoliki, au msichana anayeolewa na Mkatoliki, ajue hili kabla, si baada. Kanisa lao likitoa ruhusa ya ndoa ya mchanganyiko, upande wa Mkatoliki huahidi kufanya kila awezalo ili watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki, na sheria inataka mwenzake aarifiwe ahadi hiyo. Aliyearifiwa hawezi kusema hakuambiwa. Nanyi wazazi mnaokaa kimya kwa kutaka amani, mkitegemea mambo yatajipanga mtoto akizaliwa, mnawaachia watoto wenu mzigo ambao ulikuwa wenu kuuzungumza. Na ubatizo ukishafanywa haufutiki daftarini. Huko Ufaransa mtu mmoja aliomba jina lake liondolewe katika daftari la ubatizo. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa, nayo mwaka 2014 ikamkatalia. Lililotokea limetokea, na pembeni paliandikwa tu kwamba amelikana kanisa.

Kwa wale wa Uingereza walio baina ya nyumba mbili na hawajakata shauri, Kanisa la Anglikana lina ibada nyingine, ya kushukuru kwa kuzaliwa mtoto. Hapana maji wala viapo vya ubatizo. Husomwa dua na mtoto hutajwa jina. Hiyo ndiyo iliyo karibu na wanayodhani wengi wetu, na wakwe wengi hawajui kama ipo. Muulizeni kasisi.

Waliopokea kadi sasa. Mwalikwa hakai kitako cha ushahidi. Unaingia, unakaa, wakisimama unaweza kusimama kwa adabu, na maswali ya kuikiri imani huulizwa wazazi na wasimamizi, hayakuhusu. Ukiombwa uwe msimamizi, yaani baba au mama wa ubatizo, ukatae kwa maneno mazuri. Kanisa lenyewe linataka msimamizi awe mtu aliyebatizwa, na yeye hutamka kwa kinywa chake mambo ambayo wewe huyaamini. Kutamka usiloliamini mbele ya watu na mbele ya Mungu ni kuwavunjia heshima wao kama unavyojivunjia wewe. Mwenyeji akikuomba uishike taulo au umbebe mtoto mpaka zamu yake ifike, huo ni ubibi tu, nao hauna dini.

Aliyeuliza kuhusu zawadi: kanzu nyeupe kwa kawaida hutolewa na mama wa ubatizo au na nyumba ya mtoto, kwa hiyo ulizeni kabla hamjanunua. Mshumaa hutolewa na kanisa. Bangili ya fedha inafaa, na blanketi jepesi linafaa zaidi, maana makanisa ya huku ni ya baridi na mtoto hutoka na kichwa kibichi. Na sahani ya maandazi na kashata haijapata kukataliwa katika ukumbi wowote wa kanisa ninaoujua.